Kikohozi cha Alhamisi

Jumapili, 5 Oktoba

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Bibi: shule ilipowakataa wadogo zangu, nilifurahi.

Naandika haraka kabla aibu haijanishika. Mama aliingia na viatu vya kazi mkononi, akasema shule ya msingi imejaa pomoni, darasa la awali na la kwanza hakuna pa kupenyeza hata kigoda, turudi mwaka mpya. Baba akasonya. Bibi akasema basi watoto watashinda nyumbani hadi waote mizizi. Na mimi nimesimama mlangoni na beseni la vyombo, sura ya huzuni, moyo unarukaruka! Mtu gani huyo?

Sababu naijua. Mama ni muuguzi, alipewa uhamisho katikati ya mwaka, tukafunga kila kitu tukaja. Sekondari walinipokea. Tangu siku hiyo sijasema sentensi nzima darasani. Nikiulizwa, sauti inashuka tumboni na kujifungia huko. Wamenipa jina — Kimya. Si kwa ubaya. Wanasema tu "mpishe Kimya", "muulize Kimya kama ana rula". Lakini nyumbani, mbele ya hawa wawili, naongea kama redio. Wao hawajui kwamba mimi ni mtu wa kunyamaza.

Meneja ana miaka saba. Anatembea na mikono nyuma akikagua vitu, ndiyo asili ya jina. Alitolewa darasa la kwanza katikati, kabla herufi hazijamkaa. Kengele ana mitano, na sauti inayovuka barabara.

Basi nikasema nitawafundisha mimi. Mama akauliza, na masomo yako? Nikasema nitaweza. Akanitazama kidogo, akasema, "Haya. Nakukabidhi."

Nakukabidhi!

Nimechora ratiba kwenye boksi la friji. (Baba ni fundi wa mafriji, karakana yake ni chumba chetu cha mbele, maboksi hayatuishii.) Vipindi tisa kwa siku, rangi nne, mapumziko ya dakika kumi na mbili. Nzuri mno. Nimetoka chumbani mara mbili kwenda kuiangalia.

Jumatatu, 6 Oktoba

Ratiba imekufa siku ya kwanza.

Nimerudi saa tisa. Meneja yuko chini ya meza ya Baba, anapanga skrubu kwa ukubwa. Kengele amejibana vibanio vya nguo masikioni — eti hereni. Bibi kwenye ngazi ya nyuma, miguu ndani ya beseni la maji.

"Mke mwenzangu," akaniambia, "hiyo ratiba yako imenitoa jasho. Hawa ni watoto au askari?"

Nikamuuliza kipindi cha Maadili kilikwendaje.

"Nikawaambia wasipigane. Wakapigana. Kipindi kikaisha."

Halafu akasema, akiendelea kusugua kisigino, kwamba Baba alimsomea ratiba asubuhi mara moja tu, bisibisi mdomoni, na baada ya hapo yeye alibaki anaangalia rangi. Maandishi kwake ni sisimizi.

Na nilijua! Siku zote najua Bibi hasomi. Mimi ndiye ninayemsomea ujumbe wa simu. Mwalimu wa zamu ni yeye, mimi niko shuleni hadi mchana. Na nimekaa siku nzima namwandikia maneno mia, kana kwamba nyumba hii nzima ni mimi peke yangu.

Jumatano, 8 Oktoba

Ratiba mpya. Haina hata neno moja.

Nimechora nyuso nne za saa, mishale yake mahali pake, na picha pembeni. Saa tatu: penseli. Saa nne: kitabu na sikio. Saa tano: skrubu za kuhesabu (Baba ametoa kopo zima la zilizoliwa meno). Saa sita: ndoo na sabuni, yaani basi, nawa mikono. Kati ya hapo wacheze. Wa kutangaza saa ni Kengele. Amejaribu mara moja tu, na jirani akachungulia ukutani kuuliza kuna nini.

Sikio ni la hivi: nimerekodi kusoma kwangu kwenye simu ya zamani ya Mama, ile iliyopasuka kioo. Tuna kitabu kimoja cha kusoma, chenye jalada la kijani, Mama alikipata kwa mwenzake wa zahanati ambaye watoto wake wameshakua. Ukurasa mmoja kwa siku. Faili tano: la juu kabisa Jumatatu, la chini kabisa Ijumaa. Bibi anahesabu kwa kidole anabonyeza. Mimi nasoma polepole ndani ya simu, nao wanapitisha kidole chini ya kila neno.

Nilirekodia ndani ya kabati la nguo, katikati ya sare za Mama, kwa sababu Baba alikuwa anajaribu kompresa ya friji inayonguruma. Joto! Na mafua juu yake. Kwenye ukurasa wa Alhamisi nikakohoa. "Mvua imenyesha. Ndoo imejaa." Koh koh. "Bata ameingia ndani ya ndoo. Anaoga." Nilitaka kurudia, chaji ikaisha. Acha tu ibaki.

Kila Jumapili nitarekodi kurasa tano mpya. Nimeiandika hapa ili nisisahau.

Jumanne, 14 Oktoba

Inafanya kazi!!

Bibi anasema saa nne ikifika nyumba inatulia. Meneja anakaa wima kama yuko kwenye mkutano. Kengele analala kifudifudi juu ya mkeka. Mimi nikirudi tunamalizia kuandika, tunahesabu. Sheria ya saa za masomo: naitwa Mwalimu, siitwi Dada. Leo Meneja amesema, "Mwalimu, naomba ruhusa nikamtukane Kengele." Nimemnyima ruhusa.

Shuleni mwalimu wa fasihi alinitaka nisome aya moja kwa sauti. Nilisimama. Maneno nayaona, mdomo hautaki. Akasubiri. Darasa likasubiri. Mwishowe akasema kaa, tutajaribu siku nyingine, kwa upole, na upole ndio ulionimaliza.

Nikawa nafikiria: sasa hivi ni saa nne na robo. Nyumbani nasoma.

Jumapili, 19 Oktoba

Mitihani ya katikati ya muhula kesho. Sijarekodi kurasa mpya. Wiki ijayo.

Jumamosi, 25 Oktoba

Siku kubwa. Niandike kwa utaratibu.

Mama hakuwa na zamu. Tumekaa ukumbini wote, hata Baba ameacha karakana wazi. Meneja akaja na kitabu cha kijani, akakohoa kidogo kama waziri, akasema atatusomea. Mama akashika simu kumrekodi. Na akasoma! Ukurasa wa Jumatatu wote, wa Jumanne wote, hadi wa Ijumaa. Hakukwama popote. Kidole chini ya maneno. Mama alianza kulia tangu ukurasa wa pili, picha ikawa inatikisika. Baba akasema huyu sasa ndiye wa kunisomea vitabu vya maelekezo ya mafriji.

Mama akanikumbatia mbele ya watu wote. Akasema, "Nilikukabidhi, na umeweza."

Video tayari imefika zahanati. Dada wa dirisha la dawa ameandika kwamba mtoto huyo ni moto. Na Mama amempigia mwalimu mkuu wa shule ya msingi: Jumamosi tarehe 15 Novemba anawapima watoto wageni. Anayesoma anaingia darasa la pili mwaka mpya. Asiyesoma anaanza tena la kwanza. Kengele naye anaanza la kwanza.

"Ukishindwa tutakaa dawati moja!" Kengele akamwambia Meneja. "Nitakuwa nakuazima kifutio."

"Bora nisiende shule kabisa," Meneja akasema. Hakuwa anatania, alikuwa amekunja ngumi.

Mbona sijisikii furaha? Kitu kimoja. Alipofika "Ndoo imejaa", alikohoa. Koh koh. Mama akauliza, una mafua? Akasema hapana.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimemwita uani na kitabu. Nikamfungulia ukurasa wa bata. Akanitazama kama mtu aliyepewa funguo za nyumba nyingine.

"Leo siyo Alhamisi."

Nikamwambia asome tu. Akafumba macho sekunde moja, akaanza. Nikafunika neno "ndoo" kwa kidole gumba. Akalisoma. Nikafunika mstari mzima kwa kiganja. Akausoma wote, kikohozi kikiwemo.

Nikachukua karatasi nikaandika: bata. Neno moja. Lile lile.

Akaliangalia. Akaangalia ukuta. Akaangalia mdomo wangu — ndiyo, mdomo wangu! — akingoja.

"Hii ni ya siku gani?" akauliza.

Hajui. Hajui hata neno moja. Karibu wiki tatu amekuwa akinisikiliza mimi, faili zile zile tano, kwa sababu sikubadilisha. Amenikariri mzima, pumzi na mafua. Na nikikumbuka vizuri, anasoma kwa sauti yangu. Ile ndogo ya kabatini.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimemuuliza Bibi, Meneja akisoma asubuhi huwa anaangalia wapi?

"Dirishani," Bibi akasema. "Kidole kinatembea, yeye anaangalia ndege."

Kwa nini hukuniambia, Bibi?

Akaacha kuchambua mboga. "Mke mwenzangu, mimi nitajuaje? Nilidhani ndivyo watu wanavyosoma."

Nilicheka, halafu nikalia, halafu yeye akacheka, akanifuta uso kwa ncha ya kanga yenye maji. Akaniambia usijitese, mume wangu ana kichwa kizuri, kingekuwa kibovu asingeyashika yote hayo. (Mume wake ni Meneja.)

Hilo ni kweli. Lakini darasa la pili hawatamwekea simu.

Jumatano, 29 Oktoba

Ameshaelewa. Sikumwambia kwa ukali, nilimwambia tu kwamba kusoma ni kitu kingine, nikamwonyesha kwenye karatasi. Alikunja ncha ya mkeka, akaikunjua, akaikunja tena.

"Kwa hiyo mimi ni mwongo?"

Nikasema hapana! Aliyekosea ni mimi.

"Mama ameshatuma video."

Najua.

"Usimwambie Mama. Dada, usimwambie mtu. Niapie."

Saa za masomo zilikuwa bado hazijaisha na ameniita Dada. Nikaapa.

Jumapili, 2 Novemba

Siku kumi na tatu. Ratiba ya tatu, na hii ni ya mtu mmoja.

Nimemwomba Baba mlango wa friji bovu. Hakuuliza wa nini, aliutoa, akaufuta, akauegemeza uani. Halafu nikamwuliza kama ana kitu cha kunasa karatasi. Akachana ule mpira unaozunguka mlango, kumbe ndani yake kuna ukanda wa sumaku! Tumeukata vipande themanini. Mimi nabandika kadi za silabi — ba, be, bi, bo, bu — yeye anapaka gundi. Tulifanya kazi saa nzima bila kusema kitu. Mimi na Baba tunafanana hapo.

Njia niliyofikiria: mimi nisiongee kabisa. Yeye husoma kwa masikio, basi nimnyime sauti. Asubuhi kabla sijaenda shule naficha skrubu moja ya shaba mahali, nabandika neno kwenye mlango wa friji. Kiti. Beseni. Dirisha. Akilisoma neno, anaipata skrubu. Akiniuliza, naziba mdomo. Nikirudi mchana tunarudia, maneno matatu, kimya kimya.

Mtu anayeitwa Kimya hatimaye ana kazi ya kufanya.

Simu ya zamani nimeizima.

Jumanne, 4 Novemba

Alikaa mbele ya "kiti" dakika ishirini. Bibi anasema alipekua nyumba nzima badala ya kusoma, hadi ndani ya viatu vya Baba. Akaipata kwa kupekua. Huko si kusoma.

Alhamisi, 6 Novemba

"Be. Se. Ni." Halafu akaruka. "Beseni! BESENI!" Akakimbia akageuza beseni la Bibi likiwa na maji. Bibi amelowa hadi magotini na hakumgombeza.

Ijumaa, 7 Novemba

Nilijisahau, nikabandika neno Kengele akiwepo. Meneja bado yuko kwenye "di", Kengele kutoka kwenye mkeka akapiga kelele, "DIRISHA!"

Amejifunza peke yake. Kwa kuangalia kidole wakati mwenzake anaangalia ndege.

Meneja alibandua kadi zote akazitupa. Moja ilivuka ukuta, jirani ameirudisha, ilikuwa "fu". Nimewatenganisha: Kengele anasoma na Bibi jikoni, Meneja na mimi uani. Bibi anajidai anamsimamia Kengele, lakini leo nimemkuta ameshika kadi ya "bi" karibu na pua. Akaniuliza, hii si ndiyo ile inayojirudia kwenye jina langu? Bi, bi. Ndiyo, Bibi. Akaiweka kwenye mfuko wa gauni.

Jumapili, 9 Novemba

Baba amerudi kutoka kwa mteja, anaeleza mezani: friji inanguruma vizuri, taa inawaka, ukifungua ndani ni joto kama jikoni. Mwenye friji anasema ni nzima kabisa, ni chakula tu ndicho kinachoharibika. Wote tukacheka.

Meneja hakucheka. Nami nikaenda kuosha vyombo.

Jumatano, 12 Novemba

Leo nilikusudia kumwambia Mama. Nilishafanya mazoezi mbele ya kioo: Mama, nina jambo. Mama, lile la video.

Amerudi kutoka zamu, amekaa kwenye kochi na koti bado mwilini. Nikamletea maji. Akaninyooshea mguu nimvue kiatu, akafumba macho akasema leo ilikuwa siku mbaya sana kazini, ila katikati yake mama mmoja mgonjwa alimwomba amwonyeshe tena yule mtoto anayesoma. Akatabasamu macho yakiwa yamefungwa.

Nikamvua kiatu cha pili. Sauti ikashuka tumboni, ikajifungia.

Na nimeapa. Nimeapa kwa Meneja, nimekabidhiwa na Mama. Nikisema namwangusha mmoja. Nikinyamaza — nani anaanguka nikinyamaza? Siku ya kupimwa, hakuna anayejua watampa kitabu gani. Labda hawatampa cha kijani. Basi atakwama mwenyewe mbele ya mgeni. Labda watampa cha kijani. Basi atapita.

Najikuta nikiombea cha kijani.

Ijumaa, 14 Novemba

Neno la leo lilikuwa sentensi: "Skrubu iko ndani ya kopo." Ametumia muda mrefu kiasi kwamba kivuli cha ukuta kilifika kwenye miguu yetu. "Skrubu" ilimtesa, aliipita akairudia. Lakini alifika. Mwenyewe. Alipofungua kopo hakuruka, aliishika tu ile skrubu.

Halafu akauliza, "Dada, darasa la pili wanasoma vitabu vingapi?"

Vingi.

"Na sauti yako haitakuwepo."

Haitakuwepo.

Akaweka mikono nyuma, akatembea hadi mwisho wa uani, akarudi. "Kesho wakinipa cha kijani nitapita," akasema. "Halafu baadaye itakuwaje?"

Nilimwambia nenda kanawe mikono, kama vile ni saa sita.

Jumamosi, 15 Novemba

Naandika kwenye benchi, nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Bibi yuko kando yangu. Naandika haraka, sijali mwandiko.

Mama ana zamu, Baba ana mteja, Kengele tumemwacha kwa jirani, tumekuja sisi watatu. Meneja amevaa shati lililopigwa pasi na Baba. Kulikuwa na watoto wengine wawili mbele yetu, wakaingia wakatoka. Halafu sisi.

Mwalimu mkuu ni mwanamke mrefu, kalamu mbili kwenye nywele. Mpole. Alimwamkia Bibi kwa heshima, akampa kiti chake mwenyewe. Akamwuliza Meneja jina, umri, anapenda nini. "Kukagua," Meneja akasema. Mwalimu akacheka. Halafu akanyoosha mkono kwenye rafu nyuma yake, akatoa kitabu.

Cha kijani.

Kile kile! Nadhani ndicho shule yao hutumia. Akakifungua popote tu, akakiweka mezani. Nikaona picha kutoka nilipokaa. Bata. Ndoo.

Meneja aliitazama picha. Akanitazama mimi. Akaweka kidole.

"Mvua imenyesha. Ndoo imejaa." Koh koh. "Bata ameingia ndani ya ndoo. Anaoga."

Hakukwama popote. Mwalimu mkuu akasema pole kwa mafua, na hongera, unasoma vizuri kuliko wote niliowaona leo. Akachomoa kalamu moja kwenye nywele. Akavuta fomu. Bibi alikuwa ameshaanza kufunga kitambaa chake, tayari kuondoka.

Nilimwangalia Meneja. Nilitegemea atafurahi. Alikuwa anaangalia dirishani.

Hapo nikasimama. Sikupanga. Kiti kikakwaruza sakafu, wote wakageuka, na sauti yangu ikatoka ndogo kama ya kabatini, lakini ikatoka:

"Mwalimu, samahani. Hicho amekikariri."

Kalamu ikasimama.

"Dada!" Meneja akasema. Neno hilo tu. Sura yake sitaisahau.

Mwalimu mkuu akaniuliza nasema nini. Nikasema yote. Simu, kabati, faili tano, jinsi nilivyoacha kubadilisha kurasa, kikohozi kwamba ni changu. Nikasema kosa si la mtoto. Nikasema mlango wa friji, sumaku, skrubu, na kwamba sasa anaweza kidogo, kidogo sana, lakini ni yeye mwenyewe. Nikasema naomba apewe kitabu kingine ambacho hajawahi kukisikia, apewe muda, na mimi nisiwepo, kwa sababu nikiwepo ataangalia mdomo wangu. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya mtu mzima wa nje.

Akamwuliza Meneja, ni kweli? Meneja aliinamisha kichwa mara moja, ndiyo. Machozi yalikuwa yamejaa lakini hayajamwagika. Mwalimu mkuu akarudisha kalamu kwenye nywele. Akachukua kitabu chembamba chenye jalada jekundu, akatuambia mimi na Bibi tutoke, tufunge mlango.

Basi tuko hapa. Bibi ameuliza mara moja tu, "Umefanya nini wewe?" Halafu akanishika mkono wa kushoto. Wa kulia akaniachia niandike.

Ndani kimya. Kimya kweli. Mtoto mwingine anasubiri mwisho wa benchi na baba yake, anatikisa miguu.

Bado kimya.

Sauti! "Ku." Halafu hakuna kitu. "Ku. Ku." Halafu: "Kuku."

Si sauti yangu. Ni nzito kidogo, ya puani, inakwaruza. Ndiyo yake. Sikumbuki lini niliisikia ikisoma kabla ya uani.

"Kuku. A. Na. Ana." Amesimama tena. Mwalimu mkuu hasemi chochote. Sijui amekunja uso au la. Sijui fomu itaandikwa nini. Darasa la pili, au dawati moja na Kengele na kifutio cha kuazima. Sijui kama Meneja ataongea nami tukitoka.

Simu ya Bibi inaita. Ni Mama. Bibi amenisogezea, hakuipokea.

Nimepokea. Mama aliuliza kwa sauti ya juu, amepita? Nikamwambia, Mama, nina jambo, lile la video. Nikamwambia lote, fupi, tangu kabatini. Na kwamba Jumatano nilitaka kumwambia nikashindwa. Naandika sasa simu ikiwa sikioni, kwa sababu hajasema neno. Nasikia nyuma yake kitoroli kinapita, mtu anamwita Sista, Sista. Haendi. Hakati.

"Yuko wapi sasa hivi?" ameuliza.

Nimesema yuko ndani, anasoma.

"Peke yake?"

Peke yake.

Ndani ameanza tena. "A. Na. Ta. Ga."

Nimeinuka kwenye benchi, nimeiweka simu kwenye tundu la ufunguo ili Mama asikie.